Mtama: Njia ipi ya kuchagua mbegu inalipa zaidi kwa mwaka?

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa nafaka huulizana kila wiki bei ya gunia la mtama katika soko la Kibaigwa na masoko mengine ya Kanda ya Kati. Ni wachache wanaouliza ni kwa nini ekari iliyotoa gunia hilo haitoi magunia mawili.

Sehemu ya jibu iko kwenye mvua, sehemu kwenye samadi na palizi. Lakini sehemu kubwa iko kwenye mbegu, na mbegu bora haiokotwi. Mtu fulani ameichagua, kwa njia fulani, kwa miaka fulani na kwa fedha fulani.

Njia hizo za kuchagua ni nyingi na hazilingani. Kila moja ina mtaji wake, muda wake na faida yake. Kwa hiyo msomaji wa ukurasa huu anaweza kuzipima kama anavyopima amana za benki: riba ni kiasi gani, inalipwa baada ya muda gani, na gharama za kuendesha akaunti ni zipi.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mtama ni chakula na fedha kwa kaya nyingi za Dodoma, Singida, Shinyanga na mikoa mingine yenye mvua haba. Anayekosea njia ya kuchagua mbegu hapotezi fedha za utafiti tu. Anampotezea mkulima misimu ambayo hairudi.

MTAMA HUJIOA WENYEWE

Kabla ya kulinganisha njia, ni vizuri kuelewa tabia ya zao lenyewe. Mahindi huchavushana ovyo na upepo. Mtama, kwa kawaida, hujichavusha wenyewe ndani ya suke moja. Mbegu zinazotokana na chavua ya mmea jirani kwa kawaida huwa asilimia 5 hadi 15 hivi, kutegemea aina ya suke na hali ya hewa.

Tabia hii ina faida na hasara. Faida ni kwamba mkulima anaweza kutunza mbegu yake kwa miaka kadhaa bila kuharibika haraka. Hasara ni kwamba sifa nzuri zilizomo katika mimea miwili tofauti hazikutani zenyewe. Ni lazima mtu azikutanishe.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, ua kwa ua, kwa kibano. Baadaye wataalamu waligundua jeni zinazofanya mmea usitoe chavua hai. Mmea wa namna hiyo hulazimika kuchavushwa na jirani zake, na hapo mtama unaweza kuchanganywa shamba zima kama mahindi.

Afrika Mashariki ilitoa mchango mkubwa katika jambo hili. Katika kituo cha Serere, Uganda, Hugh Doggett aliongoza utafiti wa mtama kwa miaka mingi. Mwaka 1968 yeye na S. A. Eberhart, aliyekuwa akilinganisha njia za kuboresha mahindi kule Kitale, Kenya, walichapisha makala juu ya namna ya kuchagua mtama kwa mizunguko: kuchanganya, kupima, kuteua walio bora, kuwachanganya tena, na kuanza upya.

NJIA ZENYEWE

Njia ya kwanza ndiyo ya wazee wetu. Mkulima hupita shambani kabla ya mavuno, akachagua masuke makubwa na kuyaning'iniza jikoni juu ya moshi. Gharama yake karibu ni sifuri.

Njia hii hufanya kazi vizuri kwa sifa zinazoonekana wazi na zisizobadilishwa sana na udongo: rangi ya punje, urefu wa mmea, siku za kukomaa. Kwa wingi wa mavuno ni dhaifu. Suke kubwa huenda limepata samadi ya zizi la zamani, au mmea ulikuwa peke yake pembeni mwa shamba. Ukichukua mbegu yake umechukua bahati ya mahali, na bahati hiyo hairithiwi.

Mwaka 1961 C. O. Gardner wa Nebraska, Marekani, alionyesha kwa mahindi dawa nyepesi ya tatizo hilo: shamba ligawanywe vijisehemu vidogo, na mimea bora ichaguliwe ndani ya kila kijisehemu. Kwa njia hiyo mmea hushindanishwa na jirani aliyekula udongo uleule. Mkulima yeyote anaweza kufanya hivyo kwa kamba na vigingi.

Njia ya pili ni ya ukoo. Mtaalamu huoanisha wazazi wawili, kwa mfano mmoja mwenye mazao mengi na mwingine mwenye kustahimili ukame, kisha hufuatilia watoto na wajukuu kwa daftari, kizazi baada ya kizazi, hadi wanapofanana. Huchukua takriban vizazi sita kabla ya majaribio makubwa kuanza. Mwisho wake ni mbegu iliyotulia, inayoweza kupewa jina na kuuzwa.

Njia ya tatu ni ile ya mizunguko, na hapa ndipo ubishi wa kulinganisha ulipo, kwa kuwa ina matawi.

Tawi la kwanza hupima ndugu wa mama mmoja. Kila suke lililovunwa kwenye mmea usio na chavua lina mama mmoja na baba wengi. Mbegu zake hupandwa kama ukoo mmoja na kupimwa.

Tawi la pili huufunika mfuko wa karatasi kwenye suke kabla halijachanua ili lijichavushe mara moja, kisha mbegu hizo hupimwa. Tawi la tatu hurudia kufunika mara ya pili, na kupima baada ya hapo.

Kwa nini watu wahangaike na mifuko? Kwa sababu kujichavusha hutenganisha koo. Nzuri huonekana nzuri zaidi na mbaya huonekana mbaya zaidi. Kwa nadharia, tofauti ya kurithi baina ya koo za mama mmoja ni robo tu ya ile iliyomo katika mchanganyiko. Baina ya koo zilizojichavusha mara moja hufikia moja nzima, na mara mbili hufikia moja na nusu. Ni sawa na kupanga viazi kwa ukubwa: kazi ni rahisi vikitofautiana sana.

HESABU YA MFANO

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, zimewekwa na safu hii ili kulinganisha njia, na hazikutoka katika kituo chochote. Kanuni iliyotumika ni ile ya kawaida ya wazalishaji wa mbegu.

Tuchukue mchanganyiko wa mtama unaotoa wastani wa kilo 1,000 kwa hekta. Tuseme mtawanyiko wa kurithi ni kilo 150, na mtawanyiko unaotokana na udongo na makosa ya kitalu ni kilo 300. Tunapima koo 100 katika vituo 4, vitalu 2 kila kituo, yaani vitalu 800. Tunateua koo 10 bora na kuchanganya mbegu zao za akiba.

Nyongeza inayotarajiwa kwa kila mzunguko ni hii:

Ndugu wa mama mmoja: kilo 76 kwa hekta.
Kujichavusha mara moja: kilo 215.
Kujichavusha mara mbili: kilo 279.

Anayetazama mstari wa mwisho tu atasema kazi imekwisha, mara mbili ndiyo bora. Hilo ni kosa la mtu anayeshangilia riba bila kuuliza ni ya miezi mingapi.

Kule Dodoma mvua ni moja, Desemba hadi Aprili. Kwa kituo kisicho na maji ya kumwagilia, kila hatua hula mwaka mzima. Ndugu wa mama mmoja huhitaji miaka 2, mmoja wa kupima na mmoja wa kuchanganya. Kujichavusha mara moja huhitaji miaka 3, na mara mbili miaka 4. Ukigawa, nyongeza kwa mwaka inakuwa kilo 38, 72 na 70.

Yaani ule mfuko wa pili haukuongeza kitu. Umekula mwaka mzima na kurudisha kilichokuwapo, pungufu kidogo.

MAJI YANABADILI MSHINDI

Tukiweka maji, picha inageuka. Majaribio bado lazima yafanyike wakati wa mvua, maana mkulima naye hulima wakati huo. Lakini kuchanganya na kujichavusha kunaweza kufanyika kiangazi, katika robo ekari yenye bomba.

Ndugu wa mama mmoja sasa humaliza mzunguko kwa mwaka 1: kupima masika, kuchanganya kiangazi. Nyongeza ni kilo 76 kwa mwaka.

Kujichavusha mara moja huchukua miaka 2. Unapima masika ya kwanza, unachanganya kiangazi, unafunika masuke masika ya pili, halafu kiangazi cha pili unakaa bure ukisubiri mvua ya kupimia. Nyongeza ni kilo 107 kwa mwaka.

Kujichavusha mara mbili nako huchukua miaka 2 vilevile, kwa sababu mfuko wa pili hufungwa katika kiangazi kile ambacho mwenzake alikaa bure. Nyongeza ni kilo 140 kwa mwaka.

Mbegu ni zilezile, na kanuni ni ileile. Kilichobadilisha mshindi ni bomba la maji na kalenda.

Upande wa gharama nao ni muhimu. Katika mpango wenye maji, ndugu wa mama mmoja hupimwa kila mwaka, vitalu 800. Njia nyingine mbili hupima kila baada ya mwaka mmoja, sawa na vitalu 400 kwa mwaka. Kila kitalu kina kulimwa, kupaliliwa, kufukuziwa ndege, kuvunwa na kupimwa kwenye mizani. Kwa hesabu hiyo, kitalu kimoja katika njia ya kujichavusha mara mbili huzaa karibu mara nne ya kitalu cha ndugu wa mama mmoja.

Ziko tahadhari. Hesabu hii inachukulia kwamba athari za jeni hujumlishana tu. Inachukulia pia kwamba matokeo ya vituo vyote yamekusanywa na kukokotolewa mara baada ya mavuno. Taarifa za kituo kimoja zikichelewa majuma machache, msimu wa kiangazi hupita na mwaka mzima umepotea. Tena, kuteua koo 10 tu kila mara huupunguzia mchanganyiko utajiri wake, hivyo nyongeza ya mzunguko wa tano haiwezi kuwa kubwa kama ya kwanza.

USIPUNGUZE VITUO

Bajeti ikibana, wakubwa wa fedha hukimbilia kupunguza vituo vya majaribio. Hapo pana hasara iliyojificha.

Katika mfano wetu, ukipima kwa kituo 1 badala ya 4, na vitalu 2 vilevile, nyongeza ya kujichavusha mara mbili hushuka kutoka kilo 279 hadi kilo 211 kwa mzunguko. Hiyo ni robo ya faida. Na hesabu hiyo haijaweka hatari kubwa zaidi, yaani kuchagua mtama unaoipenda Dodoma lakini unaodhoofika Shinyanga au Lindi.

Njia moja ya kupunguza gharama hizo bila kupoteza ushahidi ni nchi kushirikiana. Mpango wa kuboresha mtama na uwele wa nchi za SADC, ulioendeshwa na ICRISAT kutoka Matopos, Zimbabwe, kuanzia miaka ya 1980, ulifanya hivyo. Mtama ulioandikwa SDS 3220 ulitolewa Msumbiji mwaka 1989 kwa jina la Macia, Botswana ukaitwa Phofu, na Tanzania ukaidhinishwa mwaka 1999 kwa jina lilelile la Macia. Ni mfupi, hukomaa mapema na punje zake ni nyeupe. Pato, iliyotolewa Tanzania mwaka 1995, nayo ilitokana na mpango huo.

CHOTARA NA ALAMA ZA JENI

Wenye kampuni za mbegu watauliza: mbona chotara haikutajwa?

Marekani ilianza kuuza mtama chotara mwaka 1956, miaka miwili baada ya Stephens na Holland wa Texas kuchapisha habari za utasa wa chavua unaorithiwa kwa upande wa mama. Wakulima wa huko waliukubali kwa muda mfupi. Sudan ilitoa chotara yake, Hageen Dura-1, mwaka 1983, kwa kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

Chotara huzaa sana na humlazimu mkulima kununua mbegu kila msimu. Kwa kampuni hilo ni soko la uhakika. Kwa mkulima wa kijijini aliyezoea kuhifadhi mbegu juu ya jiko, ni gharama mpya inayotaka mvua ya kuaminika na mnunuzi wa kuaminika. Pasipokuwa na hayo mawili, mbegu ya kawaida iliyochaguliwa vizuri ina nafasi yake.

Tena chotara haiondoi kazi ya kuchagua. Wazazi wake nao lazima wateuliwe, kwa njia hizihizi.

Siku hizi zipo pia alama za jeni. Ramani kamili ya jeni za mtama ilichapishwa mwaka 2009. Mwaka 2017 watafiti, Ejeta akiwamo, walieleza jeni iitwayo LGS1 inayohusika na mtama kukwepa kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Kwa sifa kama hiyo, inayoongozwa na jeni moja kubwa, kipande cha jani kikipelekwa maabara hutosha kuuchagua mche.

Tanzania iliwahi kunufaika na kazi ya kiduha hata kabla ya hapo. Mbegu za Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa mwaka 2002, zilitokana na mtama wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, anakofanya kazi Ejeta.

Wingi wa mavuno, hata hivyo, hauongozwi na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Maabara inaweza kukadiria jumla yake na kufupisha mzunguko, lakini makadirio hayo hujengwa juu ya takwimu za vitalu. Vitalu vikiwa vibovu, na maabara itakadiria ubovu.

SOKO NALO HUCHAGUA

Liko jambo la mwisho ambalo mizani ya kitalu haioni. Mtama unaozaa sana usiponunuliwa ni mzigo.

Serena, mbegu maarufu ya Serere, ilikuwa ya punje za kahawia, zenye uchungu unaowachukiza ndege. Ni sifa nzuri shambani. Lakini viwanda vya bia hupenda punje nyeupe zisizo na uchungu huo. Kituo hichohicho cha Serere kilitoa Epuripur mwaka 1995, na Nile Breweries ya Uganda ikaitumia kutengeneza bia ya Eagle iliyozinduliwa mwaka 2002. Wakulima wakapata mnunuzi ambaye hawakuwa naye.

Soko hilo nalo si la kulalia usingizi. Mwaka 2013 Kenya iliongeza ushuru wa bia ya mtama, mauzo yakaanguka, na wakulima waliokwisha panda kwa ajili ya kiwanda wakabaki na magunia. Na mtama mweupe huwavuta kwelea kwelea, hivyo gharama ya kuamia ndege lazima iingie kwenye hesabu ya anayeulima.

Kwa sababu hiyo mzalishaji wa mbegu anatakiwa kuwaita mkulima na mnunuzi shambani wakati wa kuteua zile koo 10. Mama anayesonga ugali ataona kwa kidole kile ambacho mizani haitasema.

USHAURI KWA WENYE FEDHA

Anayetaka kuweka fedha katika mbegu za mtama, awe kampuni, halmashauri au mfadhili, aulize maswali manne kabla ya kusaini hundi.

Kwanza, nyongeza inayoahidiwa ni kwa mzunguko au kwa mwaka? Pili, kituo kina maji ya kiangazi? Kama hakina, kisima na pampu huenda vikarudisha zaidi kuliko gari jipya, maana katika mfano wetu maji peke yake yaliongeza mara mbili faida ya njia ya kujichavusha mara mbili, kutoka kilo 70 hadi 140. Tatu, majaribio yako katika vituo vingapi? Nne, nani atanunua punje, na ameonja?

Swali la tano ni la baada ya yote hayo: nani atazidisha mbegu hiyo imfikie mkulima? Mchanganyiko ulioboreshwa bado si mbegu ya dukani. Ni lazima koo bora zitolewe humo, zitulizwe kwa njia ya ukoo, zipitie kwa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), kisha zizidishwe. Vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa vimeonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika kijijini, karibu na mnunuzi.

Kilo 140 kwa hekta kwa mwaka zinaonekana chache kwa mtu wa mjini. Kwa kaya yenye hekta moja ni gunia moja na nusu la ziada, na kwa nyumba ambayo mtama huisha kabla ya mvua mpya, gunia moja na nusu ni majuma kadhaa ya kula bila kukopa.